Kumtafuta Mdogo Wangu Osaka

Mdogo wangu alikwenda Japani kufanya biashara ya magari yaliyotumika. Mwanzoni alitupigia simu kila Ijumaa: mimi nikiwa Grand Prairie, Texas, kaka yetu mkubwa akiwa Katy, karibu na Houston, na mama akiwa nyumbani Tanga. Baadaye akawa anapiga mara moja moja. Halafu, mwaka 2017, simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, na mwishowe haikuita kabisa.

Mama hakulia. Kila nilipompigia aliniuliza swali lile lile: "Umempata mwenzio?" Nikimjibu bado, ananiuliza nimekula nini. Kazi yangu ilikuwa kuuguza wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na siku moja, nikiwa namgeuza mgonjwa kitandani, nilijikuta namsemesha mdogo wangu kwa Kiswahili. Mzee yule akaniuliza naongea na nani. Nikatoka nikaenda kusimama chooni mpaka mwenzangu alipokuja kunigongea.

Tuliuliza kila pa kuuliza, na kote tuliambiwa hakuna taarifa. Mwaka uliofuata nikampigia kaka kumwambia naenda mwenyewe.

"Yule ni mtu mzima," akasema. "Asiyetaka kupatikana hapatikani. Ukifika huko utaanzia wapi?"

"Alikoishi mara ya mwisho. Nagoya."

"Wewe Kijapani hukijui hata neno."

"Na yeye hakukijua alipokwenda."

Alikuwa barabarani anarudi kutoka kazini, nikasikia kiashiria cha gari kikigonga. "Mimi ruhusa sipati, nime-apply mara mbili," akasema. "Nenda. Lakini ukimpata usimgombeze."

Ingekuwa safari nyingine, Nagoya ningeipenda. Mitaa ya karibu na bandari ilikuwa na nyumba ndogo zilizobanana, kila moja na vyungu vya maua mlangoni, na nguo zimeanikwa kwa mpangilio utadhani mtu amezipima kwa rula. Watoto walikwenda shule peke yao wakiwa na kofia za njano. Mimi nilipita katikati ya usafi ule na picha ya mdogo wangu mkononi, nikimwonyesha kila aliyekubali kusimama. Waliitazama kwa makini, wakainama, wakaomba radhi. Kila aliyeinama aliniongezea hofu.

Chumba chake kilikuwa na mpangaji mwingine. Katika yadi moja ya magari nilimkuta Mpakistani aliyekuwa akiuza magari Mombasa na Dar, na Kiswahili chake kilitosha kunivunja moyo.

"Dada, huyu mtu mzuri sana," akasema. "Lakini biashara ilimshinda. Kibali cha kukaa kikaisha, akawa anaogopa polisi. Akasema anakwenda Osaka, kule kuna kazi za kutwa, ujenzi, hawaulizi karatasi."

"Alikuwa mzima?"

Akatazama magari yake. "Alikuwa anakohoa."

Nikapanda treni kwenda Osaka. Nilianzia mtaa uitwao Namba, katikati ya mji, kwa sababu ndilo jina nililolijua. Kulikuwa na umati, vibanda vya vyakula, mabango makubwa kuliko nyumba yangu, na watalii wakipiga picha. Nikaona upuuzi wa kumtafuta mtu aliyejificha mahali pale. Nikageuka kusini. Kadiri nilivyotembea, maduka yalipungua na wanaume wazee waliongezeka. Walikaa kando ya barabara na mabegi yao, wengi wao watu wa kazi za ujenzi waliozeekea kwenye vyumba vya kulala vya bei rahisi. Niliingia kwenye kila nyumba ya vyumba hivyo. Hakuna aliyemjua.

Ndani ya soko moja lililoezekwa paa, nikamwona. Mgongo wake, mabega yake, namna ya kutupa mguu wa kushoto. Nikaita kwa jina lake la utotoni na kuanza kukimbia, nikigonga watu na vikapu vyao. Nilipomshika mkono akageuka. Alikuwa Mghana. Nikashindwa kumwachia. Yule kaka wa watu hakuuchomoa mkono wake, alisimama tu akinitazama, mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu na kuvilegeza vidole. Akaniuliza kama nina mtu wa kunirudisha nilikofikia. Nikamdanganya kwamba ninaye.

Siku iliyofuata nilikuwa nimechoka hata kuitoa picha. Niliingia kwenye duka la kufulia nguo kwa mashine, si kwa kuuliza, bali kwa kutafuta kiti. Bibi mmoja mwenye duka alikuwa akikunja taulo. Akaniletea chai. Nikampa picha kama mtu anayetimiza wajibu tu.

Aliitazama mara moja. Akaiweka juu ya taulo, akaunganisha viganja vyake, akafumba macho.

Kazi yangu imenifundisha sura za watu wanaotaka kusema jambo lile. Sikuhitaji lugha. Nilimwomba Mungu bibi yule awe amekosea, awe anasali kwa desturi yao tu. Akafunga duka mchana kweupe, akanishika mkono, tukaenda pamoja mpaka ofisi ya serikali ya mtaa.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa suti nyeusi. Alizungumza kwenye simu yake, na simu ikatafsiri kwa sauti ya kike yenye furaha, kama inayotangaza punguzo la bei: mtu huyu aliugua mapafu, bibi aliita gari la wagonjwa, alifariki hospitalini, hakuwa na vitambulisho, jina alilotoa halikuwa lake. Kisha akanionyesha picha waliyompiga baada ya kufa. Alikuwa yeye, kakonda, kanyoa ndevu.

"Kaburi lake liko wapi?" nikaiuliza simu.

Simu ikatafsiri. Kijana akainamisha kichwa. Sauti ile ikasema kwamba mtu asiye na ndugu huchomwa, na majivu hutunzwa hekaluni.

Sisi ni Waislamu. Kwetu maiti huoshwa kwa maji ya vuguvugu, mtu akiuinua mkono wa marehemu taratibu asije akamuumiza. Nikamwambia kijana, kwa Kiswahili, kwamba mdogo wangu alikuwa anaogopa moto tangu alipoungua na uji wa mama. Simu haikuelewa. Nilirudia, nikarudia, mpaka bibi akanikumbatia na kunikalisha chini.

Nilirudi Texas na chungu cheupe chenye majivu yake, kilichofungwa kwa kitambaa. Kaka aliendesha gari kutoka Katy kunipokea uwanja wa ndege wa Dallas. Hakunisalimu. Alikipokea kile chungu, akakiweka kiti cha nyuma, akakifunga mkanda, akabaki ameinama mlangoni mwa gari huku magari ya nyuma yakipiga honi.

Njia nzima ya kwenda Houston tulibishana. Mimi nilitaka mama aambiwe ukweli. Yeye alisema ukweli huo utamuua. Tulipomuuliza shehe mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa akiishi jirani na kaka kama aliyechomwa huzikwa Kiislamu, alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo alitendewa, hakulitenda yeye. Mzikeni." Tukamzika kwenye makaburi ya Waislamu nje kidogo ya mji, watu wachache tu, kwenye shimo dogo ambalo lilinifanya nigeuze uso.

Jioni ile tukampigia mama. Kaka akamwambia amefariki kwa maradhi, tumemleta, tumemzika hapa. Mama akasema innalillahi. Kisha akauliza, polepole:

"Nani alimwosha?"

Nilifungua mdomo. Kaka akaniwahi. "Waislamu wa huko, mama. Watu wa msikitini."

"Mungu awalipe," akasema mama.

Alitaka kuja kuliona kaburi. Tulikuwa bado tunamshughulikia viza wakati corona ilipofunga kila kitu, mwaka 2020. Kazini kwangu wazee walikuwa wakifa bila ndugu zao, nami ndiye niliyewashikia simu wakiagwa. Niliporuhusiwa kupumzika, niliendesha peke yangu mpaka Houston, nikapiga magoti kaburini na kuiweka simu juu ya udongo. Mama, kule Tanga, akasoma Yasin yote bila kukosea.

Alipomaliza nikadhani mtandao umekatika.

"Mama?"

"Nipo. Mwanangu, kaka yako tangu mdogo hajui kusema uongo. Sauti yake huwa inapanda juu. Siku ile ilipanda."

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu Osaka, na sasa yalikuwa yamefika mdomoni.

"Hapana," akasema. "Usiniambie. Mwagie maji kaburini, urudi kwako kabla barabara haijajaa."

Nikamwaga chupa yangu yote ya maji. Udongo ulikuwa mkavu, yakanywewa papo hapo.