Siku Niliyomwambia Shemeji Ameigusa

Siku yangu ya kwanza kuwa mwamuzi wa chesi nilipewa meza tatu za kusimamia na onyo moja. Ilikuwa Jumamosi, Ruangwa, ndani ya darasa, madawati mengine yamesogezwa ukutani. Mwamuzi Mkuu wetu alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu wa Mnero, mkali kuliko sindano zake. Aliniambia, “Humu ndani huna kwenu.”

Nyie mnaocheza kwenye simu hamjui raha wala balaa ya kete za mkononi. Sheria ni kwamba ukigusa kete yako, unaicheza hiyohiyo. Na ile saa ya pande mbili, ukimaliza kusogeza unaibonyeza, muda wa mwenzako unaanza kwenda. Saa hizo nilikuwa nazikagua moja moja kila asubuhi.

Sasa klabu yetu ya Nachingwea ilikuwa na ugonjwa wake. Karibu wote tulitokea kwenye drafti, na kwenye drafti kula ni lazima, usipokula kete yako inaondolewa. Chesi haikulazimishi, ila nani auambie mkono? Ruangwa walitujua, wakawa wanatuachia askari, zile kete ndogo, hovyo kama wanaorushia kuku mchele.

Mwaka mmoja, Jumapili, mchezo wa mwisho, Somoe fundi cherehani alihitaji sare tu, tupate kombe letu la kwanza. Somoe ni mdogo wake mke wangu, na chesi nilimfundisha mwenyewe. Mpinzani wake, mwalimu wa Chunyu, mchezaji wa Ruangwa, akamwachia askari. Mkono wa Somoe ukaenda, ukashika ngome, kete pekee iliyokuwa inamkinga mfalme wake. Akashtuka, akaiachia. Mwalimu alikuwa ameinama anaandika hatua zake kwenye karatasi, hakuona. Niliona mimi peke yangu, mwamuzi wa meza ile.

Jamani, siku ile nilitamani niwe kipofu. Nikasema, “Somoe, umeigusa ngome.”

Akaisogeza. Hatua mbili baadaye akafungwa. Kwenye gari la kurudi hakuna aliyenisemesha, na nyumbani mke wangu alinipakulia ugali bila neno. Wiki iliyofuata Somoe akabisha hodi. Nilijua amekuja kunisema, kumbe anataka nimfundishe uamuzi.

Mwaka jana nilistaafu. Namshukuru yule mama wa Mnero, Mungu amrehemu, na nawashukuru Ruangwa, ambao tangu siku ile walikuwa wananiomba wenyewe niamue michezo yao na sisi.

Mwezi uliopita nilirudi kule kama mchezaji, kwenye meza za wazee. Nilikuwa naongoza. Mzee mwenzangu akaacha askari, na huu mkono wangu wa drafti, na uzee wote huu, ukashika kete ya farasi. Nikaiachia upesi, nikatazama huku na huku. Mzee alikuwa anasafisha miwani yake. Nikashusha pumzi.

“Shemeji,” akasema Somoe, ambaye sasa ndiye Mwamuzi Mkuu, nyuma ya kiti changu, “umeigusa.”

Nikaisogeza, nikafungwa. Sijawahi kushindwa nikafurahi namna ile.