Nyama ya Kaakaa

Wakati wa vita vya pili, waasi walipoushika upande wetu wa mashariki, nilipokuwa ninafundisha darasa la kwanza huko Butembo, meno yangu mawili ya mbele ya chini yalianza kurefuka. Ndivyo nilivyodhani kila nikijitazama kwenye kioo. Kumbe ufizi ndio uliokuwa unashuka na kuiacha mizizi nje, ya manjano, na maji yetu ya asubuhi, baridi kama yalivyo pale mlimani, yalinichoma hadi masikioni.

Siku hizo hakuna jambo lililokuwa na sababu ya kawaida; kila ugonjwa ulikuwa na mtu nyuma yake. Mume wangu, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, aliniuliza swali moja tu: "Ulikula kwa nani?"

Nikafikiri. Kulikuwa na mwalimu mwenzangu aliyekimbia vita kutoka upande mwingine wa nchi, ambaye aliwahi kunigawia karanga zake za kukaanga. Tangu siku hiyo sikupokea tena kitu mkononi mwake, na salamu yangu kwake ikawa fupi. Hakuuliza kwa nini. Nadhani alijua.

Muuguzi wa karibu na kwetu alitaka kuyang'oa yote mawili. Nikakataa. Ndipo dada yangu mkubwa, aliyekaa Bungulu, kule Beni, akanitumia habari kwamba kwao kuna daktari wa meno kweli kweli, mtu wa Kinshasa aliyefungiwa njia na vita asiweze kurudi kwao. Nikapanda gari hadi Beni.

Daktari alikuwa mwembamba, miwani mizito, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani. Alinipa mswaki, akasema: "Nionyeshe vile unasafishaka meno."

Nikamwonyesha, kwa nguvu, kama mama alivyonifundisha kwa mkaa uliosagwa.

"Mama, uko nasafisha meno ao uko nalima shamba?" Akachukua mswaki. "Ngozi yako ya hapa iko nyembamba sana, na weye uko naisugua. Donc, basi, inakimbia. Ikiendelea vile, meno italegea. Nitakata nyama kidogo hapa juu, mu kaakaa, mu ile paa ya kinywa. Nitaishona hapa chini."

"Nyama ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Na kama ya kwangu haitoshi?"

Akacheka. Kicheko kile hakikunipendeza. Pale Beni watu walikwisha kuninong'oneza kwamba alitumwa na serikali ya Kinshasa, kwamba ana daftari anamoandika majina, na kwamba wakubwa wa waasi huingia chumbani mwake na mlango hufungwa. Mtu kama huyo anataka nyama ya kinywa changu ya nini? Nikamwambia nitarudi, nikaenda zangu Butembo nikiwa nimeazimia kutorudi.

Baada ya miezi mitatu jino moja lilianza kutikisika ninapotamka herufi mbele ya watoto. Mume wangu akasema: "Uende. Mais lakini ukamate kioo. Kila kitu atakata, ukione. Hata akitoka inje, umwambie hapana toka."

Nikarudi Beni na kioo cha duara mkobani. Daktari alipokiona, uso wake ulibadilika.

"Banakuambia nini juu yangu, huko Butembo?"

Nikakiinua kioo mbele ya kinywa.

"Basi kamata. Mais ukitetemeka, mimi hapana kata."

Sikutetemeka. Alinidunga sindano ya ganzi mara nne, akasubiri, akachukua kisu kidogo chenye ncha kama ya wembe. Niliona kioo kikijaa damu, kisha nikaona kipande chenyewe: chembamba, cheupe, kama ganda la haragwe lililoloweshwa. Alikiweka juu ya kitambaa safi, na jicho langu halikukiacha hata mara moja mpaka alipokishona chini ya yale meno mawili kwa uzi mweusi mwembamba kuliko unywele. Akabana kidonda cha juu kwa pamba.

"Sikia muzuri," akasema. "Siku tatu hapana sema. Kula uji ya baridi. Na majuma mawili, mutu asivute mudomo yako ya chini kuangalia. Hata bwana yako. Hata weye. Ile nyama haiyapata damu bado. Ukivuta, inakufa."

Akaniandikia karatasi, akaigonga muhuri.

Siku ya pili, kwa dada yangu Bungulu, dada alipokwenda sokoni nilibaki peke yangu na kile kioo. Mtu anayekukataza kutazama, anaficha nini? Nilijaribu kulifukuza wazo hilo, likarudi. Nikashika mdomo kwa vidole viwili, nikauvuta.

Nilichokiona kilikuwa cheupe, kama karatasi iliyolowa, hakifanani na mwili wangu hata kidogo. Nikasema moyoni: si yangu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mawili kikitoka kinywani mwangu, na bado nikasema si yangu.

Siku ya tatu nikapanda lori lililobeba mabidoni, madumu ya mafuta ya mawese, kwenda Butembo, kitambaa kimefungwa kidevuni. Njiani, kabla ya kufika, kulikuwa na barrière, kizuizi cha askari wa waasi. Walitushusha wote. Askari mmoja mrefu alipita akiuliza kila mtu anatoka wapi. Aliponifikia, nikaonyesha mdomo wangu na kutikisa kichwa.

"Juu ya nini hausemi?"

Nikamtolea ile karatasi. Hakuitazama.

"Weye uko na kitu mu kinywa. Fungula!"

Sote tulijua anachotafuta. Dhahabu ya msituni ilikuwa inapita njia ile kwenda kwa wafanyabiashara wa Butembo, na watu waliificha ndani ya viatu, ndani ya nywele, ndani ya nepi za watoto. Nikafungua kinywa kidogo. Akaingiza kidole chake, akashika mdomo wangu wa chini, akauvuta hadi nikasikia kitu kikikatika. Damu ikanijaa ulimini.

"Bameshona!" akapiga kelele. "Huyu mama, bameshona kitu mu nyama yake!"

Abiria wenzangu walirudi nyuma. Mama mmoja tuliyekuwa tumekaa naye bega kwa bega tangu Beni alisema kwa sauti, ili asikike, kwamba yeye hanijui.

Nikapelekwa kwa komanda, katika nyumba ya mbao pembeni ya barabara. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na hilo likanitisha zaidi. Aliisoma karatasi yote.

"Muhuri, mama, kila mutu anaweza kuuchonga," akasema. "Nakuuliza mara moja: ni dhahabu? Ukitoa mwenyewe, unaenda. Ukikataa, tutakata ule uzi."

Niliweza kusema, lakini niliogopa damu. Nikaomba kalamu kwa ishara, nikaandika nyuma ya karatasi kwa mwandiko wangu wa ubaoni: *Angalia juu.*

Nikapanua kinywa, nikainamisha kichwa nyuma. Komanda akawasha tochi. Alitazama kaakaa langu, akatazama chini, akarudi juu. Kisha akamwita yule askari.

"Tala," akamwambia, yaani tazama. "Kidonda cha juu na kiraka cha chini, kipimo kimoja. Kimetolewa huku, kimewekwa huku. Wapi dhahabu?" Akamfukuza nje, akafunga mlango.

Nikabaki naye peke yangu. Komanda akaja karibu, akashusha mdomo wake mwenyewe kwa kidole gumba. Ufizi wake ulikuwa umeshuka kuliko wangu. Meno manne yalisimama wazi kama vigingi.

"Inauma?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikaandika: *Kidogo.*

"Na ule dokta, ni mutu wa kuaminiwa?"

Nikaandika: *Ndiyo.* Sikuwa na hakika. Niliandika kwa sababu nilitaka mlango ufunguliwe.

Ukafunguliwa. Siku ya tisa, nyumbani, nusu ya kile kiraka iligeuka kijivu ikaanguka ndani ya uji. Nusu nyingine ikapata wekundu, ikashika.

Niliporudi Beni kutolewa nyuzi, daktari alitazama bila kuvuta.

"Nani alivuta?"

"Askari," nikasema.

"Askari peke yake?"

"Askari."

Akafungua daftari lake na kuandika. Kwa mara ya kwanza nikathubutu kumwomba anionyeshe. Akaligeuza upande wangu. Kulikuwa na meno yangu, yamechorwa kwa kalamu, moja moja, na pembeni maneno kwa Kifaransa: askari alivuta mdomo. Kurasa nyingine zote zilikuwa meno ya watu. Alisema ataweza kukata tena upande wa kushoto wa kaakaa, nikipona. Tukaagana tukiwa tumekubaliana.

Lakini mapigano yalifunga barabara majuma mengi. Ilipofunguka, dada yangu alikuta chumba cha daktari kimefagiliwa, kiti hakipo. Wengine walisema komanda amemchukua awe daktari wake. Wengine, kwamba alikamatwa kama mpelelezi. Wengine, kwamba alipitia Uganda akaenda kwao kwa njia ndefu. Nami nilikuwa nimeandika neno moja kwenye karatasi ndani ya nyumba ya mbao, na sijui lilimfikisha wapi.

Jino la upande ulioshika bado ninalo, na ufizi wake ni mnene, una rangi nyepesi kidogo kuliko mwingine. Lile la pili lilizidi kulegea, na mwaka uliofuata yule muuguzi wa Butembo alilitoa kwa mvuto mmoja, asubuhi, kabla sijaenda kufundisha.