Karatasi Iliyokwenda Polepole

Kutoka Kongolo treni ilichukua siku nne, mbili kati ya hizo tukiwa Kamina tunangojea kichwa kingine. Nilishuka Lubumbashi na diploma ya sekondari chini ya shati, nikidhani mji unaningoja mimi.

Nilipata kazi mjini kati, katika maabara ndogo nyuma ya ghala la dawa. Tulikuwa tukijaribu dawa mpya ya malaria. Moyo wa sungura ulining'inizwa katika maji ya chumvi yenye vuguvugu, ukapiga peke yake. Dawa ikatiwa, na sindano ya mashine ikaandika mapigo kwenye karatasi. Mimi nilipima kila wimbi kwa rula. Wimbi likirefuka, dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya mtu, hata kumwua.

"Kwetu sungura banakula," alinitania mama aliyeosha chupa, ambaye sote tulimwita Yaya kama dada mkubwa. "Weye unamupima roho!"

Karatasi ilitoka Ulaya, na mwaka ule haikuja. Lilibaki boksi moja. Mimi, mtu wa diploma, nikamshauri mkubwa wetu tupunguze mwendo wa mashine ili karatasi itutoshe.

"Intellectuel ya kweli hii!" akaniita msomi mbele ya wote, nami nikavimba kichwa.

Kwa mwendo ule mawimbi yalibanana kama meno ya kitana. Rula yangu haikuona tofauti. Nikaandika: hakuna badiliko. Ripoti ikaenda.

Kisha Yaya akashikwa na malaria. Ni mimi niliyefungua kabati la ile dawa mpya.

"Kunywa, Yaya. Tulishaipima."

"Kama ni weye ulipima, ntakunywa."

Siku ya pili alianguka penye bomba, chupa mkononi. Hospitalini walisema moyo ulipoteza mwendo. Hakurudi.

Nilitundika moyo mwingine wa sungura, nikarudisha mwendo wa zamani, nikamaliza kipande cha mwisho cha karatasi. Baada ya dawa, wimbi lilirefuka hata mtoto angeliona. Nikampelekea mkubwa karatasi ile.

"Ripoti ilishaenda, sitwayeni," akasema bila kuishika, akiniita raia kama serikali ilivyotaka wakati ule. "Na nani alileta ile akili ya polepole?"

Nimepita arobaini sasa, nimehama miji mingi, na kila mji naulinganisha na ule. Lakini swali lile bado linanichoma.

Asubuhi niliyoondoka Lubumbashi nilipitia kilioni kwa Yaya. Nilimwonyesha mume wa Yaya ile karatasi, nikamweleza yote, pamoja na kabati na ushauri wangu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Hii iko ya bibi yangu?"

"Hapana, tata," nikamwambia kwa heshima ya baba. "Ya sungura."

"Ya bibi yangu, nani alipima?"

Wanaume waliokaa naye, ndugu za Yaya, wakageuka kututazama. Akanirudishia karatasi, akaninong'oneza niende kabla shemeji zake hawajaelewa. Nikatembea hadi penye malori, nikapanda la kwanza lililokwenda Kasomeno.