Mwalimu Maduhu na Barua ya Marekani

Mwalimu Maduhu alifundisha jiografia katika shule moja ya misheni jirani na Didia, lakini wanakijiji walimtania kwamba hapo Didia amepanga tu, kwake hasa ni Marekani. Walikuwa na haki ya kusema. Mtu anaendesha baiskeli katikati ya mashamba ya pamba, anasalimiwa "Mwangaluka, Mwalimu," anaitikia huku macho yapo mbali, na mwaka ule wa 1955 aliingia na baiskeli yake kwenye shamba la watu mara mbili. Alipoulizwa, alisema alikuwa anavuka mto Misisipi.

Mkewe, Klara, alishamzoea. Akimwona amekaa uani kimya huku ugali unapoa, alisema tu, "Baba Justa, rudi ule, huko utakwenda kesho." Naye alirudi, akanawa, akala. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa na ndoto, na ndoto yake ilikuwa na jina la chuo na anwani ya posta.

Chuo hicho kilikuwa kimemwandikia kwamba nafasi ipo, ila lazima Mmarekani anayemfahamu aandike barua ya kumdhamini, ifike kabla ya mwisho wa Mei. Mmarekani wa karibu alikuwa mmoja tu, Mwalimu Herman, aliyefundisha hesabu shuleni hapo hapo. "Nitaandika," Herman alisema, na Maduhu akaanza kusubiri. Ilikuwa subira tamu kama usingizi wa mchana. Alipofuta ubao, unga wa chaki ulimwangukia mikononi, naye akasimama akiutazama mpaka wanafunzi wakaanza kucheka, maana kwake ile ilikuwa theluji.

Herman mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu. Wengine wakiwa mbali na kwao huisifia nchi yao hadi unachoka kuwasikiliza. Yeye ukimgusa kidogo tu, anaichambua kama karanga. Huko kwao alikuwa mwalimu, akasema hadharani kwamba watoto weusi na weupe wasome darasa moja, akaitwa mbele ya kamati ya kuwasaka wakomunisti na kuulizwa rafiki zake ni akina nani. Alikataa kuwataja, wakamfukuza kazi.

"Vyama vyetu viwili vya siasa," alimwambia Maduhu siku moja wakisahihisha madaftari, "kazi yao kupigiana kelele."

"Kama Bagika na Bagalu," Maduhu alisema, akikumbuka zile ngoma mbili zinazoshindana kila baada ya mavuno, na yenye kuvuta umati mkubwa ndiyo inayoshinda.

Herman alicheka, kisha akaweka kalamu chini. "Kwenu mtazamaji husogea kwenye ngoma aitakayo. Kwetu kuna majimbo ambako mtu mweusi akitaka kusogea kupiga kura, anapigwa. Na hivi vyuo, Maduhu! Wanataka kijana mmoja kutoka Afrika wapige naye picha, wawaringishie Warusi. Halafu jioni ile ile, hoteli ya mji ule ule inamnyima chai."

Maduhu aliyasikiliza yote kama mtu anayeambiwa kwamba mchumba wake anakoroma. Aliamini, na hakupunguza kupenda.

Mwezi wa sita jibu likaja. Chuo kilisikitika: barua ya udhamini haikufika, nafasi amepewa mwingine. Maduhu alikaa juu ya jiwe nje ya posta ya Shinyanga hadi kivuli cha jengo kikamkimbia. Aliumia, aliumia hasa, lakini alimfikiria pia Herman, ambaye kazi yake imepotelea njiani bure. Akapanda baiskeli kwenda kumpa pole.

"Barua yako wameipoteza, Mwalimu," alisema mlangoni. "Pole sana."

Herman aliingia ndani. Alivuta droo ya meza, akatoa bahasha. Ilikuwa imefungwa, ina stempu, na anwani imeandikwa vizuri.

"Niliiandika siku ile ile," alisema. "Kila nikitaka kuipeleka, nakuona umesimama mlangoni mwa hoteli, wanakufukuza. Sikuweza. Nilitaka kukuepusha na aibu ya nchi yangu."

Hasira ilimpanda Maduhu, ikaja huruma, ikarudi hasira.

"Mwalimu Herman, hapo mjini kuna klabu ya Wazungu, mimi siruhusiwi kuingia. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kuna mtu aliyekuzuia kuja Tanganyika ili usiione?"

Herman akatikisa kichwa.

"Nchi yako uliiona, ukaichukia mwenyewe," Maduhu alisema. "Na mimi nilitaka nikaione, nikaichukie mwenyewe."

Mwaka uliofuata Herman aliandikia vyuo vinne, akazipeleka barua posta kwa mkono wake. Hakuna kilichojibu. Mwaka 1958 Herman akapata habari kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa, akafunga mizigo. Maduhu alimsindikiza hadi stesheni ya Shinyanga, akamwingizia sanduku ndani ya behewa, wakashikana mikono dirishani bila kuachiana mpaka treni ilipoanza kusogea. Aliyeichoka Marekani ndiye aliyekuwa anakwenda Marekani. Maduhu alisimama pale mpaka moshi ukaisha, kisha akafanya haraka kurudi, kwa kuwa saa nane alikuwa na kipindi.