Gazeti la Kufungia Chumvi

Kijijini kwetu Ipole, miaka ya mwanzo ya Ujamaa, magazeti yalitufikia yakiwa yamefungiwa chumvi na sukari. Aliyepata karatasi aliinyoosha mikunjo, akaniletea mimi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, baba na mama walipofariki, ili niwalee wadogo zangu kwa mizinga ya nyuki aliyotuachia baba. Cheo sikuwa nacho, ila hicho kimoja: nikisoma, watu wananyamaza.

Mdogo wangu wa kike nilimpeleka sekondari Tabora kwa asali hiyohiyo. Aliporudi likizo mwaka mmoja, mvua za kwanza zimeshaanza, nilimwonea wivu hata alivyofunua kitabu bila kufuatisha mstari kwa kidole. Mimi, niliyemnunulia viatu.

Alhamisi moja jirani yetu mzee alileta karatasi. Nikaisoma mbele ya watu: kituo cha ushirika kitapokea asali hadi Jumamosi tu, kisha kitafungwa.

"Na asali yenyewe haijakomaa!" mmoja akashika kichwa.

"Kesho alfajiri tunapanda mitini kushusha mizinga," mzee akasema. "Msomaji ameshasema."

Wakatawanyika kutafuta kamba. Kuvuna wakati ule kulikuwa kuharibu msimu mzima. Masega mengi nyuki walikuwa hawajayafunika, na asali ya namna hiyo huchachia ndooni.

Mdogo wangu alisubiri tubaki wawili.

"Kaka, hapa juu pamechanika. Tarehe iko wapi?"

"Gazeti ni gazeti."

"Jumamosi ziko nyingi, kaka." Akaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa na habari ya maandalizi ya Sabasaba. "Sabasaba si ilishapita tangu kiangazi?"

Nilisoma upande ule mara mbili. Alikuwa sahihi, na hakunikosoa mbele ya watu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikamtuma maji.

Nilikaa na karatasi ile nikiwaza kunyamaza. Wakivuna, kosa litakuwa la gazeti. Akisema yeye, kuanzia kesho karatasi zitapelekwa kwake. Lakini mizinga ya jirani ilikuwa inalisha watoto wake kama yangu ilivyowalisha wadogo zangu. Nikatoka, nikapita nyumba kwa nyumba.

"Acheni kamba. Nimeigeuza karatasi, nimeona ni ya zamani."

Nimeigeuza. Nilisema hivyo kila mlango.

"Wewe kichwa unacho!" mzee akacheka. "Wengine wanasomea mpaka Tabora, wanaturudishia soksi tu."

Mdogo wangu alikuwa anapita nyuma yangu, ndoo kichwani. Alisikia yote. Nilingoja aseme neno, nipate cha kumjibu.

"Shikamoo, babu," akamwamkia mzee.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mshukuru kaka yako, ametuokoa."

"Nimeshamshukuru," akasema, akaenda zake bila kunitazama.

Msimu ule asali ilikomaa, kituo kikainunua, naye akarudi shule. Karatasi ziliendelea kuja kwangu. Kila niliyoletewa niliitafuta tarehe, nikaigeuza nyuma, watu wakisubiri kwa heshima. Hakuna aliyeuliza nilifundishwa na nani, nami sikusema.