Mikono ya Kugusa Shela

Krrr. Ndivyo vidole vyangu vilivyolia juu ya satini. Sauti ndogo tu, kama mtu anachana karatasi taratibu chumba cha pili, lakini mle saluni tuliisikia wote: mimi, dada mwenye saluni, na bibi harusi aliyesimama mbele ya kioo amebana pumzi ili vifungo vya mgongoni vifike. Nilipoondoa mkono, uzi mmoja wa shela ulikuja nao, umenasa kwenye ufa wa kidole.

"Usivute!" dada alisema. Akachukua mkasi, akaukata, kisha akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Nenda kaoshe taulo."

Kipupwe kilikuwa ndiyo kimeanza, mpunga umeshaingia ndani, na Ifakara nzima inaoana. Huo ndio msimu wetu watu wa saluni. Mimi nilikuwa najifunza kazi pale Kibaoni, na nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kuvalisha maharusi. Kusuka nilishajua. Kuosha vichwa nilishaosha mpaka nikaota povu. Ila kusimama nyuma ya bibi harusi, kumfunga kifungo cha mwisho na kumwona anajitazama kwenye kioo kana kwamba ndiyo kwanza anajifahamu, hicho ndicho nilichokuwa nakiwaza hata nikiwa napika ugali.

Jioni dada aliniita. Aliishika mikono yangu, akaigeuza.

"Mdogo wangu, hii haigusi shela tena. Shela zenyewe za kukodi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao kuna bibi harusi anatoka Lumemo. Mikono ikiwa imelainika, utamvalisha wewe. Isipolainika, nitatafuta msichana mwingine nimfundishe. Sikufichi."

Nilicheka, maana mimi nikiogopa huwa nacheka. Nyumbani nililia bafuni.

Ngozi yangu ni kavu tangu utotoni. Shuleni wenzangu walikuwa wanaandika majina yao kwenye miguu yangu kwa kijiti, na yalisomeka vizuri kuliko ubaoni. Sasa juu ya ukavu huo weka dawa za nywele, sabuni ya unga ya kufulia taulo, na upepo wa kipupwe. Vidole vilikuwa na nyufa kama jaruba la mpunga lililokaukiwa maji.

Nikaingia kwenye simu. Nikamwona dada mmoja mzuri, anang'aa, anajisugua kwa unga wa mchele. Nikasema, mchele! Sisi ndio wenyewe! Kesho yake nikapita mashine ya kukoboa, nikaomba pumba kwenye mfuko, nikachanganya na ndimu. Kumbe unga wa yule dada ulikuwa laini, umechekechwa, na pumba yangu ilikuwa na vipande vya maganda vyenye ncha. Nilijisugua mikono yote mpaka kwenye viwiko, nikijipa moyo kwamba kinachouma ndicho kinachofanya kazi.

Mama alinikuta uani. "Hiyo si ya kuku?"

"Ni skrabu, mama."

"Skrabu! Kuku wangu wanakula skrabu siku zote na miguu yao unaiona ilivyo."

Usiku ule mikono iliwaka moto. Asubuhi ilikuwa imevimba, na nyufa mbili zilikuwa zinatoa maji. Nilienda zahanati nimeificha ndani ya kitenge, nikiwa nahesabu Jumamosi zilizobaki.

"Umejisugua na nini?" muuguzi aliuliza. Nikamwambia. Alifunika mdomo. "Pole, mdogo wangu. Sasa sikia. Hakuna kusugua, hakuna ndimu. Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Sabuni ya mtoto. Ukitoka kuoga jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado mbichi paka mafuta ya mgando. Usingoje ikauke. Na taulo za watu fua na glavu."

"Itapona lini?"

"Ukiacha kuihimiza."

Ndiyo nikaanza. Asubuhi, maji ya uvuguvugu na mafuta kabla hata sijavaa. Saluni, glavu, na kila nikizivua, mafuta tena. Usiku nilipaka mengi, halafu nikavaa soksi mikononi. Mdogo wangu wa kike, ambaye tunalala kitanda kimoja, alikuwa anapiga kelele, "Mama, bondia amekuja kulala!" Mimi nilikuwa nimelala chali, sithubutu kushika kitu, nasikiliza kama ngozi inapona, eti kana kwamba ingetoa taarifa.

Kuna siku ilikuwa laini nikaimba njia nzima. Kuna siku upepo ulivuma, ikapauka tena, na dada akaitazama, akanirudisha kwenye taulo.

Jumamosi yenyewe nilifika kabla ya wote. Dada aliigeuza mikono yangu dirishani kwenye mwanga. "Haya," alisema. "Leo ni yako."

Nilikimbilia bombani kuchota maji, furaha imenipanda kichwani, nikasahau glavu. Mkono wa ndoo ulikuwa wa waya. Nilipoitua, kidole gumba kilikuwa kimepasuka palepale pa zamani. Tone jekundu. Nikalifuta. Likatoka jingine.

Hakuna aliyeona. Nilijiambia, nitatumia vidole vingine.

Bibi harusi alikuja na shangazi yake. Binti wa rika langu, mpole. Shela ilikuwa imetundikwa, akaigusa kwa nyuma ya mkono, polepole, kama anaogopa kuichafua.

"Haya njoo, fundi," dada aliniita, binti alipokwisha kuivaa. "Vifungo."

Nilisimama na mkono nyuma, kidole nimekikunja. Niliutazama mgongo ule mweupe wa shela, na mkono wa yule binti ulioogopa kuichafua.

"Dada, kidole kimepasuka. Kinatoa damu."

Shangazi ndiye aliyejibu. "Afadhali umesema, mwanangu. Tungefika kanisani na madoa, padri angeuliza maswali."

Dada alifunga vifungo mwenyewe. Mimi nilitazama sakafu ili wasione macho yangu, na huko chini nikaiona miguu ya bibi harusi. Alikuwa anaificha, mmoja nyuma ya mwingine. Magaga matupu, ya mtu aliyevuna, na pembeni viatu vya wazi vinamsubiri.

"Shangazi, nimkande miguu?" niliuliza. "Nina plasta, nina glavu."

"Mkande tu. Nimemwambia mwaka mzima avae viatu shambani, ananiona mshamba."

Nilimkalisha, nikamwekea maji ya uvuguvugu. Alishtuka, akaguna, halafu mabega yakashuka. Niliifuta kwa kugusagusa, nikaipaka ikiwa bado mbichi, kidole kwa kidole. Alininong'oneza, "Nilikuwa nawaza miguu tu. Usiku kucha."

"Mimi mikono," nikamwambia. Tukacheka.

Magari yalipoondoka na honi zake, dada alichukua pochi yake awafuate kanisani. Mlangoni aligeuka. "Vifungo bado. Miguu ya maharusi, kuanzia leo, ni yako." Akaenda.

Nilibaki peke yangu. Nikamwaga maji ya beseni nje, nikachanganya mengine, nikayaonja joto kwa kiwiko. Kisha nikavua ndala, nikazamisha miguu yangu.