Ngungu Niliyoijaza kwa Kiingereza

Munisamehe makosa na mwandiko mbaya, ninaandika polepole. Mgeni alifika kwetu Ngungu akitafuta kijiji chenye watu wengi, akijengee bomba la maji. Ilikuwa siku ya soko. Mimi mwenye haya nikajikaza kwa Kiingereza nilichookota redioni: hapa tumesongamana, nyumba zinagusana, watoto wanajaza njia. Akafurahi sana.

Jioni wachuuzi wakabeba vikapu, wakapanda milima kurudi kwao. Tukabaki sisi wachache wa hapa na mbuzi mmoja. Mgeni akauliza watu wako wapi. Nikamtafsiria swali hilo mama muuza maharagwe, mmoja wetu.

Mama akacheka: "Kaka, unadanganya mugeni! Watu ya hapa si walikimbia vita? Bado hawajarudi!"

Nilikuwa nimemweleza mgeni Ngungu ya utoto wangu. Jirani, ukisoma haya, niandikie: mnarudi lini?